Acheni kuuliza nani alihamisha folda

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na leo narudi nikiwa na hasira. Hasira yenyewe ni kwa watu wa kazi yangu, sisi tunaoandika programu, na wa kwanza katika hao ni mimi mwenyewe. Kwa hivyo ndugu msomaji, kama nawe ni mwenzetu katika kazi hii, usidhani nakusema wewe peke yako. Tuko pamoja kwenye shimo hili.

Shimo ni hili. Mtu anachukua folda ya programu uliyomwandikia, anaitoa kompyuta hii na kuipeleka ile, au anaitoa tu kwenye deskitopu na kuiweka ndani ya Documents. Programu inagoma. Anakupigia simu. Na neno la kwanza kukutoka mdomoni ni: "Nani alihamisha folda?" Kana kwamba kuhamisha folda ni wizi. Kana kwamba amehamisha mlingoti wa stima!

Mimi nasema programu isiyoweza kuhama haijakamilika. Ikivunjika kwa sababu ya kuhamishwa, mkosaji ni aliyeiandika. Najua wengi watanibishia, na nitawajibu. Lakini kwanza sikilizeni kisa, maana sikuyatoa haya kitabuni.

Naishi Mbotela, huku Eastlands, kwenye nyumba zile za zamani za baraza zilizo kando ya Jogoo Road. Mwaka 2017 akina mama wa chama kimoja hapa mtaani waliniomba niwaandikie programu ya hesabu. Walikuwa na daftari kubwa jeusi, lile la jalada gumu, lenye michango na mikopo ya miaka kadhaa. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikawaambia daftari ni mambo ya kale. Nikawaandikia programu ndogo kwa Python, hesabu zikiwekwa kwenye hifadhidata ya SQLite, nikaiweka kwenye kompyuta ya mweka hazina. Nikawaambia hivi, na maneno yenyewe nayakumbuka: "Kila kitu chenu kiko ndani ya folda ya C:\chama. Mkiwa na hiyo folda, mko salama."

Huo ulikuwa uongo. Sikujua kuwa ni uongo, lakini ulikuwa uongo.

Mwaka 2019 kompyuta ile ikaanza kuzimika yenyewe. Mweka hazina akampelekea fundi, akanunua nyingine ya mitumba, akamwambia fundi ahamishe folda ya chama. Fundi akaihamisha yote, akaiweka palepale C:\chama, akatengeneza pa kubofya kwenye deskitopu. Alifanya kazi yake sawasawa. Jumapili chama kikakutana, programu ikafunguka vizuri, majina ya wanachama wote yakatokea, na mbele ya kila jina pakaandikwa sufuri. Michango sufuri. Mikopo sufuri.

Pesa zenyewe zilikuwa benki, zaidi ya laki tatu. Lakini za nani? Nani ameweka ngapi, nani anadaiwa ngapi? Na kumbuka kwamba mwenye nenosiri alikuwa mweka hazina peke yake, aliyepeleka kompyuta kwa fundi ni yeye, na kati ya mikopo iliyofutika mmoja ulikuwa wake, shilingi elfu arobaini. Wewe ungefikiria nini kama ungekuwa kwenye kile chumba?

Wakanipigia simu. Nami, nikiwa nimekaa kwangu na chai yangu, nikauliza: "Mama, nani alihamisha folda?" Simu ilikuwa kwenye spika. Chumba kizima kilisikia mtaalamu akiuliza nani aliyevuruga, na chumba kizima kikamgeukia yule mama. Akaniambia, "Lakini mwanangu, si ulisema nikiwa na folda niko salama?" Sikuwa na jibu.

Jumatano nikaenda kwa fundi. Bahati ilikuwa kwamba diski ya zamani alikuwa hajaifuta, ingawa alikuwa na mteja wa kuinunua. Nikaifungua. Ndani ya C:\chama hapakuwa na hesabu hata moja. Hesabu zote zilikuwa kwenye deskitopu, kwenye faili ndogo iitwayo chama.db, katikati ya picha za harusi na fomu za shule. Zilikuwa zimekaa pale kwa miaka miwili na hakuna aliyejua, hata mimi niliyeandika programu.

Haya basi, tuingie jikoni tuone ilikuwaje. Ndani ya programu yangu kulikuwa na mstari huu:

sqlite3.connect("chama.db")

Hiyo "chama.db" ni njia tegemezi, yaani njia isiyoanzia kwenye mzizi wa diski. Inategemea mahali fulani pa kuanzia. Kinyume chake ni njia kamili, kama C:\chama\majina.csv, inayotaja kila kitu tangu mwanzo. Sasa swali ambalo wengi wetu hatujiulizi: tegemezi kwa nini? Inaanzia wapi?

Ukija kunitembelea Mbotela nikikwambia "nyumba ya tatu mkono wa kulia," sijakwambia kitu. Ya tatu kutoka wapi? Kutoka steji? Kutoka kwa kinyozi? Ukiwa umesimama upande wa pili wa barabara utabisha hodi kwa mtu mwingine kabisa, na huenda akakufungulia! Maelekezo ni yaleyale, aliyebadilika ni msimamaji.

Kompyuta nayo ni hivyo. Programu inapoanzishwa, mfumo huipa folda moja ya kusimama, na njia tegemezi unayoipa amri ya kufungua faili huhesabiwa kutoka hapo. HAIHESABIWI kutoka pale programu yenyewe ilipohifadhiwa. Hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu unapoandika na kujaribu mwenyewe, mara nyingi umesimama ndani ya folda ya programu, na mahali hapo pawili ni pamoja. Unadhani umesema "jirani yangu" kumbe umesema "jirani wa yeyote atakayeniita."

Mimi nilikuwa nimeweka kifaili cha .bat kwenye deskitopu ili akina mama wabofye. Kwenye Windows, kifaili cha .bat kikibofywa hivyo husimama kwenye folda yake mwenyewe, yaani deskitopu. Kutoka hapo kikaita programu iliyo C:\chama, na programu ikatafuta "chama.db" pale iliposimamishwa. Siku ya kwanza haikuikuta. SQLite isipoikuta faili, kwa kawaida huunda mpya iliyo tupu bila kusema neno. Nami kwa wema wangu nilikuwa nimeandika kwamba kama jedwali halipo liundwe. Kwa hivyo hifadhidata ikazaliwa deskitopu na ikaishi huko. Kwenye kompyuta mpya ikazaliwa nyingine, tupu. Majina ya wanachama yalionekana kwa sababu hayo nilikuwa nimeyasoma kwa njia kamili. Nusu kamili, nusu tegemezi, bila mpango wowote. Kama ingegoma kabisa ingekuwa afadhali, maana programu iliyokufa haimsingizii mtu. Hii yangu ilikuwa hai na inasema sufuri.

Hili si la Windows peke yake. Kwenye Linux, kazi inayoendeshwa na cron huanzia kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji, na huduma ya mfumo inayoendeshwa na systemd husimama kwenye mzizi, "/", usipoiambia vingine. Skripti iliyofanya kazi mchana kutwa mikononi mwako hukwama usiku ikiwa peke yake, na asubuhi unailaani cron bure.

Sasa wabishi.

Wa kwanza anasema: "Suluhisho ni njia kamili kila mahali." Hapana! Njia kamili inajua mahali pamoja tu duniani. Umeandika C:\Users\ ukafuatisha jina lako, na kwenye kompyuta ya mteja hilo jina halipo. Jogoo Road hii yetu zamani iliitwa Doonholm Road. Nyumba hazikusogea hata inchi, lakini aliyekuwa na anwani ya zamani ilimbidi aulize. Njia kamili huvunjika hata pale ambapo wewe hukugusa chochote, kwa sababu mtu wa juu amebadilisha jina la folda moja.

Wa pili anasema: "Mteja asiguse." Huyu ndiye anayeniudhi zaidi. Mtaani kwetu kompyuta huibiwa, huungua umeme ukirudi kwa nguvu, huuzwa, hurithiwa na mtoto anayeenda chuo. Faili hupita kwenye flashi kutoka mkono hadi mkono. Kuhama ndiyo hali ya kawaida. Ukimwambia mteja "usiguse" unamwambia kila akitaka kusogea akuite na akulipe. Huo ni utumwa wa rejareja. Daftari jeusi la akina mama lilipelekwa kanisani, likapelekwa nyumbani kwa mwenyekiti, likanyeshewa mara moja, na halikupoteza ukurasa. Mimi nikalibadilisha na kitu kinachopoteza hesabu kikihamishwa meza, kisha nikajiita mtaalamu.

Wa tatu, kijana wa kisasa, anasema: "Docker imemaliza haya." Docker ni nzuri, naitumia kazini. Lakini inachofanya ni kuijengea programu nyumba ileile popote iendapo, ili njia za ndani zisibadilike. Data ukiiandika ndani ya kontena bila kuitengea mahali pa nje, kontena likifutwa data inakwenda nalo. Swali ni lilelile la yule mama: vitu vyangu viko wapi hasa? Na usisahau kwamba mweka hazina wa Mbotela hana Docker.

Tena hatuwezi kusema jambo hili ni gumu au geni. Waliotengeneza wavuti walilimaliza zamani. RFC 1808 ya Roy Fielding, ya mwaka 1995, ilieleza jinsi viungo tegemezi vinavyosomwa, na mwaka 2005 RFC 3986, ya Tim Berners-Lee, Fielding na Larry Masinter, ikachukua nafasi yake. Kanuni ya kawaida ni kwamba kiungo huhesabiwa kutoka kwenye ukurasa ulimoandikwa, isipokuwa ukurasa wenyewe utaje mwanzo mwingine. Kwenye CSS, picha uliyoitaja ndani ya url() huhesabiwa kutoka kwenye faili ya CSS yenyewe. Ndiyo maana tovuti iliyoandikwa kwa viungo tegemezi unaweza kuibeba yote kwenye flashi na ikafunguka popote. Wanaoandika PHP nao wana __DIR__ tangu toleo la 5.3 la mwaka 2009, na kabla ya hapo walikuwa na dirname(__FILE__). Dawa ipo. Tatizo ni uvivu wetu.

Basi haya ndiyo ninayoyafanya tangu kisa kile, na nakuomba nawe uyafanye.

1. Njia ianzie kwenye faili yenyewe, isianzie kwenye miguu ya anayeiita. Kwa Python:

HAPA = Path(__file__).resolve().parent
DB = HAPA / "data" / "chama.db"

Mistari miwili tu. Kwa Node kuna __dirname, kwa PHP nimeshasema. Lakini angalia: ukiifunga programu yako kuwa faili moja ya .exe kwa PyInstaller, __file__ itaelekeza kwenye folda ya muda inayofutwa programu ikifungwa. Hapo data ya watu iweke kwingine, na uchague mwenyewe.

2. Mwonyeshe mtu data yake iko wapi. Programu yangu sasa huandika chini ya dirisha: "Hesabu zenu ziko hapa," na njia kamili ya faili. Kama ningefanya hivyo mwaka 2017, siku ya kwanza tungeliona neno Desktop na kisa kingeishia hapo.

3. Faili ikikosekana, programu ipige kelele. Isiunde mpya kimyakimya. Kwa SQLite:

sqlite3.connect(DB.as_uri() + "?mode=rw", uri=True)

Hiyo mode=rw maana yake ni soma na uandike lakini usiunde. Kuanzisha chama kipya kuwe na kitufe chake, kinachobonyezwa kwa makusudi.

4. Jua unahamisha nini: mtaa mzima au nyumba moja. Mtaa mzima ukihama pamoja, jirani wa kulia anabaki jirani wa kulia, na njia tegemezi za ndani hazidhuriki. Ukihamisha faili moja kuiingiza folda ya ndani zaidi, vunjiko ni la pande mbili: njia zilizomo ndani yake, maana zile nukta mbili za ../ sasa hazitoshi, na njia za wengine waliokuwa wakiielekezea. Tafuta jina lake katika mradi mzima kabla ya kuisogeza, usitegemee kumbukumbu. Na ukitumia git mv usidhani imekurekebishia chochote ndani ya msimbo. Inasogeza faili tu.

5. Kuna vitu havibebeki, usivibebe. Mazingira ya venv ya Python yana njia kamili zilizoandikwa ndani ya skripti zake. Yafute, uyajenge upya ufikapo kutoka kwenye requirements.txt. Na ukitoka Windows kwenda seva ya Linux, kumbuka Picha/Nembo.PNG na picha/nembo.png ni kitu kimoja kwa Windows ya kawaida lakini ni vitu viwili kwa Linux.

6. Fanya jaribio la kuhama kabla ya kukabidhi kazi. Nakili folda yote, iweke mahali pengine kwa jina lenye nafasi katikati, mfano "Programu za Chama 2". KISHA BADILISHA JINA LA FOLDA YA ZAMANI. Hapa usipuuze, kwa sababu ukiiacha pale pale programu mpya inaweza kuwa inaisoma ile ya zamani kisirisiri nawe ukashangilia. Simama kwenye folda nyingine kabisa, iendeshe, uangalie kama hesabu ni zilezile. Dakika kumi zinatosha. Ikishindwa, hujamaliza, na usichukue pesa za mtu.

Najua kuna atakayesema nimekuza jambo dogo, mstari mmoja tu wa msimbo. Ni kweli ni mstari mmoja. Ila yule mama alikaa siku nne, Jumapili hadi Jumatano, akiitwa mwizi kwenye mtaa aliolelea watoto wake. Jumatano jioni nilifungua programu mbele ya wote, hesabu zikarudi hadi shilingi ya mwisho, na mkopo wake wa elfu arobaini ukaonekana, pamoja na malipo ambayo hakuwa ameruka hata mwezi mmoja. Nikasema mbele yao kwamba kosa ni langu. Waliomba msamaha, akaitikia. Mwezi uliofuata akaacha kazi ya hazina. Alisema amechoka.

Chama kimerudi kwenye daftari jeusi. Programu bado wanayo, lakini ni ya kujumlisha tu, na kila mwezi wanaandika kwa kalamu kwanza. Zamani ningewacheka. Sasa nadhani wana haki, na wana haki ya kuendelea hivyo hadi sisi tutakapowapa kitu kinachoweza kubebwa kama daftari linavyobebwa.

Kwa hivyo ukipigiwa simu kesho ukaambiwa imegoma, lile swali limeze. Uliza hili badala yake: "Pole mama, inaonyesha faili iko wapi?" Na kama haionyeshi, sema pole mara ya pili, kisha nenda ukarekebishe kazi yako.